Sauti Zilizotoka Jikoni

Kisiwani Ireland hufanywa matamasha ya jioni ya kuwaenzi wanawake katika muziki, na watu hununua tikiti ili kuwasikiliza. Sarah Makem hakuzoea hayo. Alizaliwa mwaka 1900 huko Keady, jimbo la Armagh, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo za kitani. Nyimbo zake, mamia kwa mamia, nyingi alizipokea kwa mama yake, naye akaziimba akipika. Katika miaka ya 1950 wakusanyaji wa nyimbo walimfuata nyumbani na vinasa sauti, hata sauti yake ikawa ndiyo inayofungua kipindi cha redio ya BBC. Aliyekwenda Marekani na kujipatia riziki kwa kuimba ni mwanawe, Tommy. Mama alifariki mwaka 1983.

Huko Kilrush, jimbo la Clare, Elizabeth Crotty alipiga konsertina, kinanda kidogo cha mkononi, katika baa yake na mumewe. Redio ilipomfikia, umri wake ulikaribia miaka 70! Nyimbo ngapi basi zilizikwa pamoja na akina mama ambao hawakufikiwa kamwe? Na hata mwaka 2018 wanamuziki wa Ireland walilazimika kuanzisha kampeni iitwayo FairPlé, ili wanawake wapate nafasi sawa katika matamasha na rekodi.