Ulezi Katika Usanifu wa Tajiriba: Kijana wa Garissa Amwendee Nani?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata hivyo, hawakubainisha aulizwe nani wala aulizwe nini, na hapo ndipo vijana wengi hukwama. Miongoni mwao wamo wale wa Garissa, Wajir na Mandera wanaotamani kuingia katika taaluma ambayo hata jina lake la Kiswahili halijatulia: usanifu wa tajiriba ya mtumiaji. Taaluma hii huchunguza yanayomkuta mtu anapotumia simu, tovuti, fomu au mashine ya benki; anaelewa nini, anakwama wapi na anakata tamaa kwa sababu gani. Don Norman, aliyejiunga na kampuni ya Apple mwaka 1993, hutajwa kuwa wa kwanza kulitia jina hilo katika cheo chake. Hoja ya makala haya ni kwamba mlezi wa kazi hii hapatikani kwa kuombwa ulezi, bali kwa kuonyeshwa kazi. Na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili aliye Kaskazini Mashariki anayo kazi ya kuonyesha.

Ni kweli kwamba uhaba wa walezi katika eneo hili si jambo la kubuni. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, na mambo mengi ya teknolojia yamejikita huko Nairobi. Ndiko ilikofunguliwa iHub mwaka 2010, na baadaye maabara yake ya kupima programu mbele ya watumiaji. Isitoshe, eneo hili linajua uchungu wa kupoteza walimu. Shambulizi la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa liliangamiza maisha ya watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwaka 2020, baada ya walimu 3 kuuawa Kamuthe, Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Mahali ambapo hata mwalimu wa hisabati hapatikani, kumtafuta mlezi wa usanifu huonekana kama anasa.

Lakini uhaba huo haupaswi kugeuzwa kisingizio. Kosa lililoenea ni kumwandikia bingwa asiyemfahamu mtu na kumwomba awe mlezi wake. Ombi la namna hiyo ni zito kwa anayeombwa, kwa kuwa halina mwanzo wala mwisho, na mara nyingi hujibiwa kwa kimya. Anayepeleka kazi ndogo, kwa mfano kurasa 2 zinazoeleza jinsi watu 5 walivyojaribu kutuma fomu fulani na mahali kila mmoja alipokwama, kisha akauliza swali moja tu, humrahisishia bingwa jibu. Jibu la kwanza likizaa marekebisho, na marekebisho yakirudishwa kwake, ulezi huwa umekwisha kuanza bila yeyote kuutangaza.

Je, kijana wa Garissa apeleke kazi gani? Na aanze na jina lake mwenyewe. Fomu nyingi hudai “jina la ukoo”. Msomali hana jina la familia linalorithiwa kwa mtindo wa Ulaya. Huitwa kwa jina lake, la babake na la babu yake. Kwake yeye, ukoo ni kabila na nasaba, jambo ambalo katika eneo hili limewahi kuleta mitafaruku. Hivyo basi, tafsiri inayoonekana sahihi kikamusi humuuliza mtu swali ambalo huenda asitake kulijibu mbele ya karani. Zingatia pia tarehe ya kuzaliwa. Katika jamii za wafugaji, na katika kambi za Dadaab zilizoanza mwaka 1991, si ajabu kukuta wengi wameandikishwa 1 Januari, kwa sababu fomu ilidai siku na wao walijua msimu. Mfikirie vilevile ajuza anayemkabidhi kijana wa dukani simu pamoja na namba yake ya siri kwa kuwa maneno ya kiooni hayamwelekezi. Haya ni matatizo ya usanifu, na kwa kiasi kikubwa ni matatizo ya lugha. Msanifu aliye mbali hawezi kuyaona asipoonyeshwa.

Historia inathibitisha kwamba mtumiaji mwenyewe ni mwalimu. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza mwaka 2005 kwa wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu, lengo lilikuwa kurahisisha ulipaji wa mikopo. Wasanifu waligundua kuwa wateja walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikokuwa kiini chake. Fauka ya hayo, Kiswahili kimetoa majina yaliyobeba maana bila maelezo marefu. “Sambaza” ilitosha kueleza kumgawia mwingine salio, na “Fuliza”, iliyoanza mwaka 2019, ikawa jina la huduma inayomwezesha mteja kuendelea na malipo hata fedha zake zinapopungua. Uteuzi wa maneno kama hayo ni uwanja wa mwanaisimu.

Kaskazini Mashariki pia si ugenini kwa fikra hii. Mwaka 1996, huduma ya taifa ya maktaba ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, maadamu msomaji anayehama hawezi kungoja jengo. Huo ulikuwa usanifu uliomfuata mtumiaji. Aidha, ulezi wenyewe una mfano katika dugsi. Mwanafunzi huandika aya kwenye ubao wa mti, Wasomali huuita loox, humsomea mwalimu, husahihishwa, na akishahifadhi huuosha ubao na kuandika tena. Msanifu naye huchora, huonyesha, husahihishwa na kufuta. Anayeona haya kufutiwa hafai kwa dugsi wala kwa usanifu.

Kwa mantiki hiyo, kijana hahitaji mlezi mmoja, bali watatu. Wa kwanza ni bingwa wa ufundi, ambaye anaweza kuwa Nairobi au ng’ambo. Tangu mwaka 2020 mtandao wa ADPList umekuwa ukiwaunganisha wanaoanza na wasanifu waliokomaa bila malipo. Wa pili ni mhadhiri wake wa Kiswahili, atakayempima iwapo neno limekaa mahali pake. Wa tatu ni wakala wa M-Pesa, muuza mifugo sokoni Garissa au ajuza aliyetajwa, ambao huona kila siku yale ambayo vitabu havijayaandika.

Watakuwapo watakaosema kuwa mwanafunzi wa Kiswahili hana lake katika kompyuta, na kwamba mlezi wake afaa kuwa mwalimu wa fasihi pekee. Dai hili halina mashiko. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na leo huduma nyingi za serikali zinapatikana katika kioo cha simu. Lugha rasmi isiyoeleweka hapo ni rasmi kwa jina tu. Wahadhiri wana wajibu wa kuikubali tasnifu inayochunguza lugha ya fomu na menyu kama wanavyoikubali inayochunguza riwaya, na kuisimamia kwa makini yaleyale.

Wakazi wa kaunti hizi tatu walikaribia milioni 2.5 katika sensa ya mwaka 2019. Iwapo vijana wao hawatapata wa kuwalea katika taaluma hii, huduma zitaendelea kusanifiwa na watu wasiowajua, na ajuza ataendelea kuitoa namba yake ya siri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana aandike kurasa zake 2, ampelekee mhadhiri wake kwanza, na mhadhiri asizirudishe bila kuzitia kalamu nyekundu.