Msifute kofia ya ĩ juu ya ZIP

Juzi nilikuwa saiba hapa Kiritiri nikimsaidia jirani kutuma nyimbo za Kĩmbeere alizomrekodi shosho yake. Tukafunga faili zote kwa ZIP moja, tukamtumia kijana wake Nairobi. Jioni kijana akapiga simu: “Bana, hii ni nini mmenitumia?” Mahali tuliandika mũgũnda, yeye aliona m┼⌐g┼⌐nda.

Jamaa wa saiba akacheka. “Siku nyingine toeni hizo kofia. Andikeni i na u za kawaida.”

Hapo ndipo nakataa.

ZIP ilitengenezwa na Phil Katz wa Marekani mwaka 1989, enzi za DOS. Majina ya faili yalitumia orodha ya herufi 256 za kompyuta za IBM. Ndani kuna é na ñ, lakini ĩ na ũ hazimo. Mwaka 2006 ZIP ikaongezewa alama ndogo ya kusema jina hili limeandikwa kwa UTF-8, mfumo unaobeba herufi za karibu kila lugha.

Shida ikaisha? Wapi! Kuna programu zinaandika UTF-8 bila kuweka ile alama. Inayofungua isipoiona inarudi kwa orodha ya zamani, na ũ moja inageuka michoro miwili.

Wengine watasema tusivuruge mambo ya zamani. Sawa, mtu aliye na picha za miaka 20 kwa ZIP lazima zifunguke. Lakini kusoma faili ya kale ni jambo moja, na kuandika mpya vibaya ni lingine. Programu inaweza kufanya la kwanza bila kosa la pili. Hata ukiweka alama na mwenzako ana programu ya kizamani, atakachopata ni jina baya tu. Wimbo wenyewe uko salama. ZIP ilishavuka ukomo wa GB 4 kwa njia hiyo: ZIP64 ikaja 2001, na zile ndogo za zamani bado zinafunguka.

Kofia si pambo, wasee. Kĩmbeere, kama Gĩkũyũ, kina irabu saba. Ukitoa kofia zinabaki tano, na mjukuu atasoma jina la wimbo ambalo shosho hakulitamka.

Siku hizi nikifunga kazi ya mtu naijaribu kwanza kwa kompyuta nyingine. Majina yakivurugika, nabadilisha programu. 7-Zip ni ya bure. Jina la wimbo siligusi.