Jina la Gari Unalijua, la Fundi Je?

Fungua simu yako sasa hivi, uingie kwenye ukurasa wa mpiga picha yeyote wa Nairobi unayemfuata. Kabla hujateremka mbali utakutana na vitu vitatu: gari kuukuu lililong'arishwa, cherehani nyeusi ya miguu barazani, na mwimbaji jukwaani, macho ameyafumba, taa nyekundu imempiga shavuni. Picha safi. Hata mimi nazipenda, na hupiga hizo hizo.

Sasa soma maandishi yaliyo chini yake. Chini ya gari: "Peugeot 504, 1976." Chini ya cherehani: "Singer ya kale." Chini ya mwimbaji: "Usiku wa muziki, Nairobi."

Mazee, umeona? Gari lina jina, ukoo na mwaka wa kuzaliwa. Cherehani ina jina. Binadamu hana. Kesi yangu ndiyo hiyo na sitaizungusha: tumefundishana kupiga picha vizuri, lakini hatujafundishana kwamba aliye ndani ya picha ni mtu.

Tuanze na magari, maana huko mambo hufanywa sawa. Kwenye Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari na pikipiki ya Uwanja wa Ngong wa mbio za farasi, mwenye gari husimama kando ya gari lake. Waamuzi huinama wakakagua injini, rangi, viti, hadi tumboni mwa gari. Mpiga picha anauliza: hii ni ya mwaka gani, nani aliitengeneza, umekaa nayo muda gani? Ukikosea ukaandika 404 badala ya 504, mashabiki watakurukia kabla hujafunga simu. Watakukumbusha kwamba Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akairudisha Peugeot kileleni mwaka 1978. Watakutajia hata Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo mwaka 1965.

Kwa hivyo shida yetu si kusahau. Kukumbuka tunaweza, tena kwa tarakimu. Shida ni nani tunaona anastahili kukumbukwa.

Toka Ngong sasa, uje kwa fundi barazani. Singer ile ina nambari iliyogongwa kwenye chuma. Ukiifuatilia utajua mwaka iliotengenezwa, na pengine utaambiwa ilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Nimewaona wapiga picha wakipiga magoti wasome nambari hiyo, wakafurahia kama waliookota dhahabu. Kuinua macho wamuulize mama anayeikanyaga anaitwa nani, wapi!

Halafu hilo neno "ya kale" lina dharau yake. Kwa huyo mama, cherehani si ya kale. Ni ya leo asubuhi. Ndiyo inayobadilisha zipu ya suruali yako na kupunguza sare za shule mwezi wa Januari. Stima ikipotea, mashine za umeme zinanyamaza, yeye anaendelea kukanyaga. Ukiiita kumbukumbu, unamwambia mwenyewe kwamba kazi yake ilishaisha na yeye amebaki pambo.

Pambo kweli. Kuna mkahawa mmoja hapa mjini, sitautaja, umetundika ukutani picha kubwa ya fundi na cherehani. Picha ni ya mikono tu. Kichwa kimekatwa. Watu wanakunywa kahawa chini ya mikono isiyo na mwenyewe, na wanasema mahali pana "hisia ya nyumbani". Nyumbani kwa nani, ambako watu hawana vichwa?

Kwa mwimbaji mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu yeye anajua thamani ya jina kutushinda sisi sote. Nenda ukasikilize benga au mugithi wikendi. Katikati ya wimbo, mwimbaji anaanza kutaja watu: fulani wa mahali fulani, fulani mwenye duka, fulani aliyekuja na marafiki. Aliyetajwa anasimama, anatoa noti, anarudi kukaa akiwa mrefu kuliko alivyokuja. Kwenye taarab pale Mombasa, aliyeguswa na wimbo huinuka kwa madaha akaenda kumtunza mwimbaji mkononi. Huo ndio mkataba wa ukumbini, na kila mtu anaujua. Ni wewe tu mwenye kamera unayeinuka kwenda mbele kuchukua, bila kutoa kitu. Unamwangazia flashi machoni katikati ya ubeti, unapata picha yako, unaenda kuposti "usiku wa muziki". Mtu ameimba majina ya watu usiku kucha, wewe umeshindwa kuandika moja.

Najua mtakachosema. Kwanza: "Lakini namtangaza." Unamtangazaje bila jina? Mtu akiipenda sauti hiyo, au mshono huo, atamtafutaje? Anayetangazwa hapo ni wewe, maana jina lako liko juu ya ukurasa, na wengine mnaligonga hadi kwenye kona ya picha.

Pili: "Barabara ni ya umma." Ni kweli barabara ni ya umma, ila uso si barabara. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Sitawadanganya kwamba sheria inamaliza kesi hii. Ina nafasi yake kwa uandishi wa habari na sanaa, na hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapokaza. Kama sheria imekupa wewe picha, heshima inakudai umpe yeye jina.

Tatu: "Nikiuliza kwanza, naharibu tukio." Sawa. Piga kwanza, uliza baadaye. Wimbo huisha, na fundi naye huinua kichwa kubadilisha uzi. Msalimie kama mtu: shikamoo mama, habari ya kazi. Mwonyeshe picha. Akisema futa, futa mbele yake.

Na msiniambie haya ni mambo ya wazungu na fomu zao. Mombasa, studioni kwa N. V. Parekh, watu wa mji waliingia wakiwa wamevaa walivyotaka kuonekana, wakalipa, wakaondoka na picha yao. Bamako, miaka ya 1960, Malick Sidibé alipiga picha za vijana kwenye dansi usiku, kisha akazibandika studioni ili waliomo waje wachague na kununua nakala. Waliopigwa walikuwa wateja. Picha ilirudi kwao, ikakaa kwenye albamu zao. Sisi wenye simu zinazopiga picha elfu moja bure ndio tumeshindwa kurudisha hata moja.

Kwa hivyo nadai mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji lenzi mpya. Uliza jina, na uliandike jinsi mwenyewe anavyoliandika. Akitaka lisionekane, hiyo ni haki yake pia. Rudisha nakala, iliyochapishwa kama unaweza, kwa WhatsApp kama huna doo. Na picha ikiuzwa, iwe kwa hoteli, kalenda au tangazo, rudi na mgao wake na mkubaliane mkiangaliana usoni.

Ukiona hayo ni mengi, basi tuwe sawa kwa wote. Futa na jina la gari. Usiandike Peugeot, usiandike 504, usiandike mwaka. Andika tu "gari kuukuu, Nairobi", halafu kaa hapo uone mashabiki watakavyokuja kukufunza adabu.