DAMU KATIKA MKOJO SI KICHOCHO PEKE YAKE

Wakulima wa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, sawa na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, hawahitaji kuelezwa kichocho ni nini. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilituhimiza kukipiga vita, na hadi leo kijana akikojoa damu jibu liko tayari: ni kichocho. Hupewa dawa, akarudi shambani au baharini.

Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Lakini damu katika mkojo yaweza pia kuwa dalili ya saratani ya figo. Ni kweli kwamba saratani hiyo huwapata zaidi watu waliotimiza miaka 60. Hata hivyo, vijana hawakusamehewa. Ipo aina moja, ya nadra lakini kali mno, iliyoelezwa na wataalamu mwaka 1995. Huwashambulia hasa vijana wenye asili ya Kiafrika waliorithi chembe ya selimundu, hata wale ambao hawajapata kuugua selimundu yenyewe. Wengi hugunduliwa ugonjwa umekwisha kusambaa, na hufariki kabla ya miaka miwili. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Basi jambo hili linatuhusu.

Hatusemi haya ili kutia watu hofu. Saratani ya figo ikigunduliwa ingali ndani ya figo, kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji. Takwimu za Marekani zaonyesha kuwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa namna hiyo huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika mapafuni au mifupani, hawafiki 2 kati ya 10. Tofauti hiyo ni ya muda, na muda hupotea baina ya zahanati na hospitali kubwa.

Kwa hiyo tunasema: mkojo upimwe kabla ya dawa kutolewa. Mayai ya kichocho yasipoonekana, au damu ikiendelea baada ya dawa, mgonjwa apelekwe kupigwa picha ya ultrasaundi. Visiwani, ambako kichocho kimepunguzwa sana, haja ya kupima ni kubwa zaidi.

Nao viongozi wahakikishe kuwa kipimo hicho kipo wilayani, pamoja na mtaalamu wa kukisoma; na kwamba rufaa ya Muhimbili, KCMC au Bugando haiwi adhabu kwa maskini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa kwa mgonjwa wa Nduguti, si kwa uzuri wa maandishi yake.

Na wewe kijana, usione haya kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua.