Mashine mpya, kamba kuukuu: tunachosahau boti zinapogawiwa

Kila kukiwa na hafla ya kukabidhi boti hapa pwani, hotuba huwa ni zile zile: nguvu za mashine, urefu wa boti, majaketi ya kuokolea maisha. Uchumi wa buluu umekuwa wimbo tangu mkutano ule mkubwa wa Nairobi wa Novemba 2018. Sina ubaya na wimbo huo. Lakini sijapata kumsikia kiongozi akiuliza: je, shafti ya boti hii ina kisu cha kukatia kamba?

Nauliza kwa sababu yamenifika. Msimu wa kusi uliopita nilipanda boti ya ami yangu kutoka Mtongwe, yenye mashine ya dizeli ndani. Maji yalikuwa yakitoka. Tulipopita Likoni, karibu na mlango wa Kilindini, mashine ikakohoa, ikazima. Kamba ya plastiki ilikuwa imejizonga kwenye shafti, na nyuma yetu meli ya makontena ilikuwa ikitoka bandarini. Meli kama ile haisimami ghafla. Baharia wetu, kijana wa miaka ishirini, akajitupa majini na kisu cha jikoni. “Ufunguo usiguswe mpaka atoke!” ami alipiga kelele, huku sisi wengine tukipiga makasia kwenda pembeni. Alhamdulillahi, tulinusurika. Kijana alipanda na kipaji kimepasuka kwa kugongwa na tezi, na mkononi ana bonge gumu kama jiwe. Ilikuwa kamba iliyoyeyuka kwa joto la msuguano.

Mimi nina diploma ya mitambo, kwa hivyo naona vyema kuyaeleza haya kwa lugha ya diko. Kamba nyingi za plastiki tunazotumia huelea, ndiyo maana rafadha huzikuta kwa wepesi. Kamba ikishajizonga huvuta shafti, huharibu sili, na mashine ikilazimishwa hata giaboksi huvunjika.

Visu vya shafti ni vya aina kuu mbili. Cha kwanza ni sahani ya chuma yenye makali, inayofungwa kwenye shafti mbele ya rafadha. Ni rahisi kufunga na hukata mshipi na kamba nyembamba, lakini kamba nene huishinda. Cha pili hufanya kazi kama mkasi: makali yanazunguka na shafti, na mengine yamekazwa pale shafti inapotokea. Hiki kina nguvu zaidi, ila kinataka fundi makini.

Kabla ya kununua, pima. Shafti ya milimita 25 si ya inchi moja, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukifanya kifaa kilegee. Pima pia nafasi kati ya kitovu cha rafadha na beringi. Ikiwa finyu, kisu hakiingii. Mashine ikiwa imekaa juu ya mipira, shafti husogea mbele kidogo boti inapokwenda, na makali ya mkasi yanaweza kugongana. Usizibe njia ya maji yanayopoza beringi ya mpira. Na chuma cha aina moja kikigusana na cha aina nyingine ndani ya maji ya chumvi, kimoja huliwa. Kwa hivyo zinki ya kinga isikosekane.

Kazi hii haifanywi boti ikiwa yaelea. Subiri bamvua, boti ipwelewe, au ipandishe juu. Na anayepiga mbizi baadaye aambiwe kuna makali huko chini, kwani yanayokata kamba hukata na vidole.

Wenye mashine za kupachika nyuma, ambao ndio wengi wetu, mara nyingi hawana nafasi ya kifaa hiki. Wao wawe na ada ya kufungua rafadha na kuangalia mshipi uliojificha nyuma yake. Oili ya gia ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Lakini kisu kina upande wa pili ambao wauzaji hawausemi. Hakibagui kamba iliyotupwa na jarife la mvuvi mwenzako. Nahodha anayejua kuwa shafti yake inakata anaweza kupita popote usiku, na asubuhi mtu wa Bamburi au Timbwani akakuta riziki ya watoto wake imechanwa. Kumkata mwenzio nyavu kwa uzembe ni dhuluma, hata kama hukuiona. Kwa hivyo kisu kiende pamoja na boya linaloonekana na taa kwenye nyavu usiku, na nahodha apunguze mwendo panapotegwa.

Na hizi kamba zatoka wapi? Sheria ya kimataifa ya MARPOL imezikataza meli kutupa plastiki baharini, kamba na nyavu zikiwemo, tangu mwisho wa 1988. Lakini tusizilaumu meli peke yake. Nenda kwenye madiko yetu, Likoni, Kisauni, hata upande wa Port Reitz, uone kamba kuukuu zilizoachwa mchangani. Bamvua likija, zinaingia mkondoni.

Ombi langu si kubwa. Zabuni ya boti yoyote yenye shafti, iwe ya kaunti au ya serikali kuu, itaje kisu hicho na fundi wa kukifunga. Mkaguzi anayehesabu majaketi ainame atazame na tezi. Na kila BMU iweke pipa la kamba kuukuu pale pale dikoni. Hilo la mwisho halihitaji mgeni rasmi. Laweza kuanza Ijumaa hii baada ya sala, inshallah.