Mashauri ya Afya: Damu Ivunjikapo

Mwezi huu twanena habari za damu. Wako wazazi ambao, wamwonapo mtoto macho yamegeuka manjano na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, huanza kutafuta ni nani aliyemdhuru. Nao wakiwa katika kutafuta, saa zapita, na damu ya mtoto yazidi kupungua.

Kwanza na tujue kazi ya damu. Wekundu wake watokana na chembe ndogo mno, zichukuazo hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Chembe hizi hufanyizwa katika uboho wa mifupa, nazo huishi siku zipatazo 120. Zikichakaa, bandama na ini huzivunja; chuma chake huwekwa akiba kwa chembe mpya, na rangi yake hugeuka manjano, ikatoka pamoja na choo. Hiyo ndiyo desturi ya mwili, wala haina madhara. Lakini zikivunjika upesi kuliko uboho uwezavyo kuzirudisha, ndipo viganja na ulimi hupauka, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na macho huwa manjano.

Sababu zake ni nyingi. Sisi tutataja tatu. Ya kwanza ni malaria. Kijidudu chake huingia ndani ya chembe, huzaana humo, kisha huipasua, na watoto wake huingia katika nyingine.

Ya pili ni selimundu, ambayo daktari James Herrick wa Chicago aliiandika habari zake mwaka 1910. Chembe huacha umbo lake la mviringo, zikajipinda mfano wa mundu, nazo hufa mapema sana. Mtoto huurithi ugonjwa huu kwa baba na kwa mama, wote wawili, ijapokuwa wao wenyewe ni wazima. Basi mume amlaumuye mkewe peke yake hana haki, maana urithi ule ni wake pia.

Ya tatu husahauliwa sana, nayo ni dawa. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kitu kilindacho chembe, kiitwacho G6PD. Upungufu huu waonekana sana katika nchi zenye malaria, nao huwadhuru wanaume zaidi kuliko wanawake. Mtu aweza kuishi nao miaka mingi pasipo kujua, mpaka siku amezapo dawa isiyomfaa. Wataalamu wa Marekani waliutambua mwaka 1956, walipochunguza kwa nini dawa ya malaria iitwayo primakwini iliwavunjia damu watu wengine, na wengine isiwadhuru. Hata vile vidonge vyeupe vya naftalini, viwekwavyo sandukuni kuzuia nondo, vyaweza kumvunjia damu mtoto mchanga mwenye upungufu huo. Kwa hiyo msivitumie katika nguo za mtoto.

Mwaona, dalili ni moja, lakini sababu ni mbalimbali, na dawa imponyayo huyu yaweza kumwangusha yule. Kwa hiyo msimpe mtoto vidonge vilivyobaki kwa jirani. Mwonapo macho ya manjano au mkojo mweusi, mpelekeni hospitali siku ile ile, pamoja na pakiti ya kila dawa aliyomeza, ili damu yake ipimwe na sababu ijulikane. Tena mwambieni daktari kama yuko ndugu aliyepata kuugua hivyo.

Nanyi walimu, mtoto aketiye kando wakati wenzake wachezapo, akihema, msimhesabu kuwa mvivu. Mtazameni viganja na macho, kisha waiteni wazazi wake.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Heri tuyaseme mapema, wakati damu ingali yaweza kurudi.