Tumlaumu Nani?

Tusidanganyane. Kijana wa hapa Kizota anasoma msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza anatupiwa baiolojia kwa Kiingereza. Anakariri, anafaulu, anafika chuo kikuu. Huko anapewa kozi ya stadi za mawasiliano, eti azibe pengo la miaka yote hiyo!

Tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 sekondari zianze Kiswahili mwaka 1985. Ikapuuzwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, Waingereza, wakapima na kukuta Kiingereza cha wanafunzi hakitoshi kusomea. Dawa ikawa nini? Kiingereza zaidi!

Kifundisheni kama somo, tena vizuri, tutakisoma. Lakini aliyeshindwa insha msimwite mjinga. Mmemfunga mdomo, kisha mnamwambia aimbe.